Zabibu Zetu na Kiungio cha Lori la Sefu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Area D ananiuliza swali lile lile: safari ya Singida, ya kwenda leo na kurudi kesho, ilikuwaje ikaniweka njiani karibu wiki nzima? Nimeieleza kanisani baada ya ibada. Nimeieleza dukani. Nimemweleza mara mbili jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye kila simulizi ikifika Kintinku anasinzia. Sasa nimechoka. Naandika yote hapa mara moja, mpokezane karatasi, mniache nipumzike.

Jambo moja mlijue kwanza, la sivyo mtashangaa kwa nini niligombana na kila mtu barabarani. Shamba la zabibu la Hombolo alilipanda marehemu baba. Mama ndiye analiangalia, mimi nakwenda mwisho wa wiki. Miaka yote zabibu zetu zilikuwa na mnunuzi mmoja. Anakuja na gari lake, anapima, anachukua, tunarudi nyumbani. Msimu huu hakuja. Tulipouliza tukaambiwa siku hizi mambo ni ruksa, kila mtu auze atakapo, kwa amtakaye. Mama akauliza, “Na kama huyo nimtakaye simjui?”

Mimi nikampata mwenye hoteli mmoja wa Singida. Tulikutana msibani, tukazungumza, akaniahidi kwamba zabibu zikifika kwake atazichukua zote. Mama akakubali, ila kwa sharti.

“Nenda, mwanangu. Lakini nakuambia mapema. Ukirudi kufikia Jumapili na habari ya maana, tunaendelea. Jumapili ikipita kimya, mimi naingia shambani naing'oa mizabibu yote, naberega shamba libaki jeupe, mvua zikija napanda karanga. Karanga hata wasiponunua tutakula.”

Mama yangu hana tabia ya kutishia watu. Akisema kitu, amesema. Ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Kizota: sabuni na mpira

Lori lilikuwa la Sefu. Wengi wenu mnamfahamu, ni mtu wa mjini hasa. Babu yake alikuja Dodoma na misafara ya zamani akanogewa akabaki, na ukoo mzima umekuwa wa biashara tangu hapo. Ana miaka kumi hivi kunizidi, ni mcheshi, anaswali kwa wakati, hadanganyi mtu. Kasoro yake ni moja. Kununua kipuri kipya kwake ni sawa na kung'olewa jino.

Matenga ya zabibu tulishayapakia tangu alfajiri, yamefunikwa majani mabichi na turubai juu. Badala ya kushika barabara ya Bahi, Sefu akakata kona akaingia gereji moja pale Kizota. Akafunua boneti. Fundi akachungulia, akaingiza mkono, akautoa unanuka dizeli.

“Kiungio kimepasuka,” akasema. “Weka kingine.”

Kiungio chenyewe ni kidude cha shaba, hakizidi kidole gumba. Kazi yake ni kuunga paipu inayotoka kwenye tangi na pampu ya mafuta. Mimi si fundi, ila siku ile nilielezwa nikaelewa, na kufikia Jumatatu nilikuwa nakielewa kuliko katekisimu. Kikipasuka, dizeli inayovuja si nyingi. Ubaya ni kwamba pampu inavuta hewa mahali pa mafuta, na injini ya dizeli ikishalishwa hewa inazima.

Kipya kilikuwepo duka la pili kutoka pale. Sefu alikwenda kuuliza bei, akarudi anacheka peke yake. “Kwa bei ile si bora nioe mke wa pili?”

Akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche. Akakifinyanga kwa mate mpaka kikawa laini, akakibandika kwenye ufa, akazungushia mpira wa tyubu kuukuu akiuvuta kwa nguvu zake zote.

“Dizeli haili sabuni,” akaniambia. “Hii inafika Mwanza, sembuse Singida.”

Nikamwambia basi kile kipya nitakinunua mimi. Jamani! Nilimwona anavyobadilika uso. Akanivuta pembeni ili fundi asisikie.

“Bwana Yohana, unataka Kizota nzima iseme abiria wangu ananitengenezea gari? Nitapita wapi mimi?”

Nikapanda kebini. Fundi alitupungia mkono kwa huruma, kama mtu anayesindikiza jeneza.

Bahi hadi Kintinku: wanunuzi wasionunua

Mpaka Bahi lori lilikwenda vizuri, na Sefu hakuacha kunikumbusha. Baada ya Bahi likaanza kukohoa. Likakohoa, likatetemeka, likazima. Sefu akashuka, akalegeza kiskrubu juu ya chujio, akapiga kipampu cha mkono chaka-chaka-chaka mpaka povu likaisha na dizeli safi ikatoka, akakaza. Likawaka. Tukaenda mwendo wa mtu kumaliza kuvuta sigara, likazima tena. Akashuka tena. Nami nikawa nashuka naye, kwa kuwa kukaa kebini nikisikiliza ile chaka-chaka ilikuwa inanipandisha shinikizo la damu.

Tuliingia Kintinku jua limeshainama, lori likazimia katikati ya kijiji, mbele ya ghala tupu. Hapo yakatokea ambayo hata leo sijui nicheke au nilie. Mtu mmoja akapaza sauti, na kabla Sefu hajafunua boneti watu wakaanza kutoka majumbani na magunia. Huyu uwele, yule karanga, mwingine kuku wawili mkono huu na ufuta mkono ule. Wakajipanga mstari nyuma ya lori, bila kusukumana.

“Mbukwenyi,” wakatuamkia. Mzee wa mbele akaongeza kwa Kiswahili, kwa ajili ya Sefu, “Tumewasubiri sana. Tangu waseme watakuja wanunuzi binafsi hatujaona hata mmoja.”

Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwa Kigogo kwamba sisi hatununui chochote, tumeharibikiwa. Mzee akatabasamu, akawageukia wenzake. “Anasema hanunui.” Wote wakatikisa kichwa kwa kuelewa. Hakuna aliyeondoka.

“Mzee wangu, kweli kabisa. Hatununui.”

“Mwanangu, mnunuzi gani anakuja kusema ananunua? Akisema hivyo si bei itapanda? Taja yako, tutaongea.”

Kila nilivyoapa ndivyo walivyoniona mjanja. Mmoja alinisifu waziwazi, kwamba kwa umri wangu najua biashara. Mwisho uzalendo ukanishinda. Nikapanda juu, nikavuta turubai, nikapiga kelele, “Tazameni basi! Na mimi nimelima! Na mimi natafuta wa kuninunulia!”

Bibi mmoja akasogea, akachuma zabibu moja kwenye tenga la chini, akaitafuna taratibu huku wote wanamwangalia.

“Inachachusha meno,” akasema. “Nani ananunua hii?”

“Mtu wa Singida, bibi.”

“Na gari limeharibika.”

“Ndiyo.”

“Pole.” Akawageukia wenzake. “Huyu ni kama sisi tu. Chukueni mizigo yenu.”

Wakabeba magunia wakarudi nayo makwao, polepole. Nilijisikia vibaya kuliko kama wangenitukana. Baadaye bibi yule alituletea ugali wa uwele na mlenda, akaketi kutuangalia tunavyokula. Sefu, ambaye mjini hali mlenda kwa kisingizio cha tumbo, alifuta bakuli kwa kidole. Tulilala palepale Kintinku, juu ya mikeka ya watu niliowanyima soko.

Kilima cha Saranda: dumu juu ya kichwa

Ijumaa tulianza kupanda ule ukingo wa bonde kuelekea Manyoni. Mnaoijua barabara ile mnajua: mawe, kona, na vumbi laini kama unga. Hatukufika hata nusu. Likazima, Sefu akalegeza skrubu, akapiga kipampu, na safari hii povu halikuisha. Akafungua mpira wake wa tyubu. Kiungio kilitoka mkononi mwake vipande viwili, sabuni imekishikilia kama haitaki kuachana nacho.

“Mwanza,” nikamwambia.

Alikaa chini ya lori akivigeuzageuza vile vipande, kisha akaondoka kwa miguu kwenda stesheni ya Saranda kutafuta mpira wa kupitisha mafuta. Alirudi kesho yake asubuhi. Mimi nilishinda na kulala pale kilimani na matenga yangu, nikiyamwagia maji kidogo kidogo ya kwenye galoni letu la kunywa. Zabibu za chini zilikuwa zimeanza kutoa maji yake zenyewe. Nyuki walishazinusa. Kila nikifunga macho namwona mama anahesabu siku kwa vidole.

Sefu alikuja na mpira mrefu mwembamba na uso wa ushindi. Mpango wake ndio huu: tujaze dizeli kwenye dumu, dumu likae juu ya paa la kebini, mpira utoke kwenye dumu uingie moja kwa moja kwenye pampu. Mafuta yateremke yenyewe kwa uzito wake, pampu isihitaji kuvuta, na kisichovuta hakivuti hewa.

“Na dumu litashikwa na nani?” nikauliza.

Akanionyesha paa kwa kidole.

Basi ndivyo nilivyoingia Manyoni, jamaa zangu. Mtu mzima, mzee wa kanisa mtarajiwa, nimeketi juu ya paa la kebini, nimelikumbatia dumu la dizeli kama mtoto mchanga, miguu inaning'inia mbele ya kioo. Kila shimo dizeli inanirukia kifuani. Dumu likikaribia kuisha napiga paa kwa kisigino, Sefu anasimama, tunajaza. Basi moja la abiria lilitupita, dirisha zima likajaa vichwa, na mama mmoja akauliza kwa sauti kama huyo naye analipa nauli.

Lakini lilipanda. Hilo sitamnyima Sefu. Lilipanda kilima chote bila kukohoa hata mara moja.

Manyoni: ushuru wa mababu

Manyoni hapakuwa na kiungio kama kile. Tuliambiwa twende kwa Maganga, fundi wa kulehemu majiko ya stovu na karabai, jirani na stesheni. Tulimkuta amezungukwa na majiko yasiyo na miguu, jitu la miraba minne lenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akavipokea vile vipande, akavinusa.

“Naviunga,” akasema. “Shaba kwa shaba, havitaachana tena. Bei ya majani ya chai.” Sefu nusura ambusu. Kisha Maganga akanigeukia. “Na wewe unayenuka dizeli, kabila gani?”

“Mgogo.”

Akaweka koleo chini. Akainua mikono juu. “Mungu mkubwa! Mtumwa wangu kajileta mwenyewe!”

Alikuwa Mnyamwezi. Hakuna haja ya kuwaeleza ninyi utani wa Mgogo na Mnyamwezi, mnaujua. Mtani wako atakutukana mpaka kwenye msiba wa babako, atakamata kuku wako mbele ya macho yako, na wewe kazi yako ni kucheka na kumrudishia matusi. Siku nyingine yoyote ningefurahi. Siku ile ilikuwa Jumamosi mchana, na zabibu zilikuwa zinatoa harufu ya pombe.

“Babu zangu,” Maganga akawatangazia majirani, ambao walishaanza kukusanyika, “walipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani. Huyu babu zake wamekalia visima. Lipa hongo ndiyo unywe! Kila kisima hongo. Nguo wakachukua, shanga wakachukua, majembe wakachukua. Leo kapita kwangu, ana mzigo. Mnasemaje?”

“Alipe!” wakaitikia.

“Babu zako walikunywa mpaka wakaacha tope,” nikamjibu, maana lazima ujibu. “Ile hongo haikutosha hata ya tope.”

Wakacheka, akanipigia makofi, akapanda kwenye lori akashusha tenga moja. Nikacheka. Akashusha la pili. Nikacheka kidogo. Kisha akakaa, akawasha kiko. Na kiungio? Lehemu haitaki papara, akasema. Kwanza atafute kipande cha shaba nzuri kwenye jiko bovu. Kwanza makaa yapatikane. Jioni ikafika kiungio kiko palepale kwenye kopo.

Jumapili asubuhi nikaamka nikamkuta yumo ndani ya lori anashusha mengine. Siku yenyewe ya mama imefika, mimi niko Manyoni, na mtu mzima anashusha jasho la mama yangu kwa ajili ya visima vya enzi za mababu. Nikashika tenga upande wa pili. Akavuta, nikavuta.

“Weka chini! Mwizi mkubwa wewe!”

Vyuma vya fundi baiskeli wa jirani vilikoma kugongwa. Mke wa Maganga alikuwa akifagia, akasimama na ufagio mkononi. Sefu akanijia mbio akaninong'oneza, “Bwana Yohana, mtani hakasirikiwi. Umetuaibisha.”

“Mama yangu atang'oa shamba kesho!” nikasema.

Maganga akanisogelea. Nilidhani atanipiga. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kutangaza, “Mtumwa kakasirika! Faini!” Watu wakapumua, wakacheka, na faini ikapitishwa papo hapo na mkutano wa hadhara: matenga mengine zaidi, na atayachagua mwenyewe. Akayachagua ya chini kabisa, yale yaliyokuwa yanachuruzika. Nikaenda kukaa nyuma ya lori nisione.

Huko nyuma nilisikia mivukuto inapulizwa. Ndipo akaviunga vile vipande, bila papara yoyote: akavisugua vikang'aa, akavifunga kwa waya, akanyunyiza unga mweupe kama chumvi, akavitia kwenye makaa mpaka shaba ikayeyuka ikapita katikati ya ufa. Alipomaliza alikipuliza kiungio kwa mdomo huku amekitumbukiza ndani ya maji, ameziba upande mmoja kwa kidole. Hakikutoa hata povu moja. Sefu alikuwa anakifunga kwenye pampu wakati filimbi ya treni iliposikika.

Manyoni nzima ikakimbia. Wenye kuku wa kuchoma, wenye asali, wenye mayai. Na katikati yao nikamwona mke wa Maganga ana ungo wa zabibu kichwani, na wale wanawake wote waliopitisha faini nyuma yake, nyungo, ndoo, sufuria, zote zabibu zetu, zimechambuliwa, zilizooza zimetupwa, zimeoshwa zinang'aa. Mikono ikatoka madirishani toka behewa la kwanza mpaka la mwisho.

“Zabibu!” jamaa mmoja alikuwa akipiga kelele kutoka daraja la tatu, nusu ya mwili nje. “Mama, hapa! Hapa! Zabibu za Dodoma!”

Treni ilipoondoka watu walikuwa bado wananunua. Maganga alikimbia nayo mpaka mwisho wa jukwaa akipokea noti dirishani. Kisha akarudi anahema, akanitupia kitambaa cha kanga kilichofungwa fundo zito.

“Hongo yangu tenga moja, watoto wanakula. Nyingine ni yako.”

“Kwa nini hukuniambia tangu jana?”

“Ningekuambia zinaoza, uziuze hapa, ungekubali? Ungesema una mtu wako Singida.” Akaokota kiko chake. “Halafu tangu lini mtumwa anaelezwa?”

Nataka mjue kwamba hata pale, nikiwa nimeshika lile fundo, nilikuwa bado nimemkasirikia. Alinikosesha usingizi usiku kucha kwa jambo ambalo lingesemwa kwa dakika moja. Lakini nilimshukuru, na alinitukana ukoo mzima kwa kumshukuru.

Sefu alitaka tugeuze palepale. Mimi pia nilitaka, Mungu anajua. Jua la Jumapili lilikuwa linaondoka. Ila matenga zaidi ya nusu yalikuwa bado juu ya lori, na mzigo wa kurudi nao nyumbani ndio hasa ungemthibitishia mama kwamba ana haki. Nikasema twende. Nikajiambia kwamba mama atasubiri siku moja.

Singida: matunda ya kufungwa karatasi

Lori lilikwenda kama jipya. Sitaki kusema zaidi juu ya hilo, Sefu ameshalisema vya kutosha.

Jumatatu mwenye hoteli alitupokea vizuri, akatuagizia chai na kuku. Nilipotaja zabibu akajikuna shingo. Akanipeleka kaunta. Palikuwa na boksi la matunda mekundu kutoka nje ya nchi, kila moja limefungwa karatasi yake laini.

“Siku hizi yanaingia tu, ndugu yangu, ni ruksa,” akasema. “Yanakaa mwezi mzima hayaharibiki. Zako hizi kesho kutwa siki.”

“Uliniahidi.”

“Nilikuahidi. Ungefika Alhamisi ningezichukua zote, haki ya Mungu. Haya yamefika Jumamosi.”

Nilitoka nje nikamtafuta Sefu kwa macho. Alikuwa amejiinamia kwenye usukani, alikuwa amesikia. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka Dodoma, na nikayameza yote.

Mwenye hoteli alichukua matenga mawili kwa aibu. Mengine tuliyamwaga sokoni kwa mafungu, kwa bei ya kugawa, nikiwa nimesimama juani napiga kelele kama mnadi mitumba. Yalikwisha. Tulipopiga hesabu Jumanne jioni, kilichopatikana Singida hakikufikia kilichotoka madirishani mwa treni.

Hapo ndipo akili ilinifunguka. Hotelini mnunuzi ni mmoja, akikukataa umekwisha. Treni ina madirisha mangapi? Na inapita hapohapo Dodoma, tunaisikia kila mara tukiwa kitandani. Safari yote ya kurudi nilikuwa naongea peke yangu, nampangia mama: tutavuna kidogo kidogo, tutaosha, tutabeba kwa nyungo, watu wa Maganga kule na sisi huku. Sefu akawa ananiitikia kila neno, akaendesha bila kupumzika, hata salamu za Kintinku tulizipokea tukiwa kwenye mwendo.

Hombolo

Tulifika Jumatano asubuhi. Sefu aliniteremsha barabarani, nikakimbia ile njia ya shambani na fundo la kanga mkononi.

Mistari yote ya upande wa barabara ilikuwa chini. Mizabibu imelazwa safu kwa safu, mizizi juu, majani yamesinyaa. Mama alikuwa katikati ya shamba anafukua shina, amejifunga kitenge kiunoni. Alinisikia akasimama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, nguo zangu za dizeli. “U mzima?”

“Mzima.”

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia treni, nikarudi Kizota, nikaruka Singida. Aliniacha nimalize. Nikampa fundo, akalishika bila kulifungua.

“Umechelewa, Yohana.”

“Ni lori, mama.”

“Najua ni lori. Jumatatu sikugusa jembe. Nilikaa pale barabarani kutwa nzima nasikiliza kama kuna lori linakuja.” Akaangalia ile mistari iliyolala. “Jana ndiyo nikaanza. Nilianzia ile ya baba yako ya kwanza kabisa, nikasema nisije nikaionea huruma mwisho nikashindwa.”

Wiki nzima nilikuwa na mtu wa kumkasirikia: Sefu, wale wa Kintinku, Maganga, mwenye hoteli na matunda yake ya karatasi. Pale shambani nilitazama huku na huku, nikamkosa.

Mama akainama, akakwaruza kwa kucha mzizi wa shina mojawapo lililong'olewa. Ndani ulikuwa mkavu, hakuna cha kurudisha ardhini. Akajaribu la pili, na la tatu. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

“Hii iliyosimama,” akauliza, “inaweza kutosha hiyo treni yako?”

“Inatosha, mama.”

“Basi kaoge. Halafu uje tuinyweshee.”